Kamera Yenye Jina la Mtu Mwingine

Dalali alikifungua kitambaa taratibu, hana haraka, akaniacha nitazame mwenyewe. Ilikuwa Leica. Tena siyo Leica ya kawaida: mwili wake ulikuwa wa rangi ya dhahabu, umevikwa ngozi ya kahawia, na juu, karibu na jina, alichongwa tai wa Kijerumani pamoja na maneno mawili ambayo kwa Kijerumani changu cha kubahatisha yalimaanisha mali ya jeshi la anga. "Ya rubani wa Hitler hii," akaninong'oneza, ingawa pale kwenye kibanda cha chai Kariakoo hakuna aliyekuwa na habari na sisi. Eti iliachwa na familia ya Wajerumani kule Lushoto. Alitaka milioni mbili na nusu. Nikampa laki tatu za kuishikia, nikaipiga picha sita kwa simu, nikaondoka miguu haigusi chini.

Naomba usinicheke bado. Nina miaka kumi na moja kwenye uandishi wa habari, kazi ambayo karibu yote ni kuuliza "nani kasema, na kajuaje?", lakini siku ile sikuuliza kitu. Nilikuwa naisubiri kamera hiyo tangu chuo, tangu nilipoanza kusoma habari za Henri Cartier-Bresson. Hadithi yake si unaijua? Kijana wa Kifaransa anarudi kutoka Ivory Coast akiwa ameugua nusura afe, anakutana na picha ya Martin Munkácsi iliyochapishwa: wavulana watatu, migongo mitupu, wanakimbilia mawimbi. Picha hiyo inamwonyesha njia, na mwaka 1932 anajinunulia Leica mjini Marseille. Kwa miaka mingi picha ile imekuwa ikichapishwa kwa jina la Ziwa Tanganyika. Kwetu kabisa! Nilipokuja kuikuta kwingine imeandikwa Liberia nilinuna siku nzima, maana nilishajisifia nayo kwenye makala mbili.

Kwa wasiojua tofauti, ngoja nieleze kidogo. Kamera nyingi za filamu tulizoziona kwa wapiga picha wa harusi zilikuwa za kioo ndani: unachungulia kupitia lenzi yenyewe. Renjifainda, yaani kamera yenye kipima umbali, haiko hivyo. Unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu ya lenzi, pembeni. Sentimita chache kando yake, usoni mwa kamera, kuna kidirisha cha pili, na vioo vya ndani vinaleta taswira ya kidirisha hicho mpaka kwenye jicho lako kama doa dogo la katikati. Ukimtazama mtu unamwona mara mbili, mzimu wake umejitenga naye kidogo. Unazungusha lenzi mpaka mzimu urudi mwilini. Hapo fokasi imekaa. Ni hesabu ya pembetatu tu, ileile ambayo macho yetu mawili yanaifanya kila tunapodaka kitu kilichorushwa.

Faida yake ni kwamba hakuna kioo cha kuinuka na kushuka, kwa hiyo mlio ni mdogo na kamera yenyewe ni nyembamba. Ubaya wake ni kwamba huoni kile ambacho lenzi inakiona. Ukisahau kifuniko kwenye lenzi unaweza kumaliza filamu nzima ya giza huku unatabasamu.

Sasa, mjomba. Mjomba wangu anakaa Kimara. Alisomea uhandisi wa mitambo Kharkov, mwishoni mwa miaka ya sabini mpaka mwanzoni mwa themanini, enzi ambazo vijana wetu walikuwa wakienda Muungano wa Kisovieti kwa ufadhili wa masomo. Yeye bado anasema Kharkov, kwa Kirusi. Wenyeji wa leo wanasema Kharkiv. Mimi nitatumia la zamani kwa mambo ya zamani na jipya kwa ya sasa, mnisamehe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

Nikampa simu. Akavaa miwani, akapitisha picha zote sita, akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Umeshalipa?"

"Advansi tu."

"Basi kesho rudi, mwambie afungue lenzi. Usimwambie kwa nini. Chungulia ndani, upande wa juu, kuna mkono wa chuma unaogusa mgongo wa lenzi. Ukikuta kigurudumu mwishoni mwake, nunua, na hela nitakuongezea. Ukikuta ulimi, njoo tunywe chai."

Kesho yake nikakuta ulimi. Kipande cha chuma kilichochongwa, kimetulia, hakizunguki popote. Dalali hakutetereka hata kidogo: alisema Leica za vita ndivyo zilivyokuwa, vyuma vilikuwa adimu. Kwa ubunifu nilimpa maksi zote. Laki moja na nusu ndiyo iliyorudi, tena baada ya saa nzima ya kubishana.

Ulimi ule una historia, na ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Baba wa kamera hizi ni Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, kiwanda kilichojulikana kwa hadubini. Barnack alikuwa na pumu, na kamera za wakati wake, na miguu yake mitatu na sahani zake za kioo, zilikuwa mzigo wa punda. Kati ya 1913 na 1914 akatengeneza kisanduku cha kuingia mfukoni kilichotumia mkanda wa sinema wa milimita 35. Sinema ilitumia fremu ya milimita 18 kwa 24. Yeye akaugeuza mkanda ulale, akazidisha fremu mara mbili: 24 kwa 36. Kipimo hicho ndicho mpaka leo wauza kamera za kidijitali wanachokiita fremu kamili. Vita Kuu ya Kwanza ikaichelewesha, na Leica ikaonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925. Umbali ilibidi ukisie kwa jicho. Mwaka 1932 ikatoka Leica II, yenye kipima umbali kilichounganishwa na lenzi kwa mkono huo wa chuma wenye kigurudumu. Mwaka huohuo, kule Dresden, Zeiss Ikon wakajibu kwa Contax. Hapo ndipo mashindano yalipoanza, na karibu kila renjifainda utakayokutana nayo leo ni mtoto wa Leica au mtoto wa Contax.

Mtoto wa kwanza wa Leica hakuzaliwa kwa ruhusa.

Baada ya mapinduzi, vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa ya 1921, Muungano wa Kisovieti ulikuwa na mamilioni ya watoto wa mitaani. Walilala kwenye masufuria ya lami na chini ya mabehewa, waliiba ili wale. Mwalimu mmoja wa Ukraine, Anton Makarenko, alipewa kazi ya kuwalea baadhi yao, kwanza katika koloni lililopewa jina la Maxim Gorky, kisha katika komuni iliyofunguliwa Kharkov mwishoni mwa 1927. Wapenzi wa fasihi mtamkumbuka kwa kitabu chake kuhusu koloni lile, ambacho jina lake linajiita shairi ingawa ni nathari tupu, na ambacho Gorky mwenyewe alimhimiza akiandike. Mpaka leo kuna vyuo vya ualimu duniani vinavyomfundisha.

Komuni ya Kharkov ilianzishwa kwa michango ya watu wa usalama, wale wa polisi ya siri, kwa kumbukumbu ya mwanzilishi wao Felix Edmundovich Dzerzhinsky, aliyefariki 1926. Watoto walikaa nusu ya siku darasani na nusu kiwandani. Walianza na fanicha, wakaenda kwenye drili za umeme zilizonakiliwa kutoka Marekani, halafu mtu akaweka Leica mezani akauliza: hii nayo tunaiweza? Mwishoni mwa 1932 zikatoka za kwanza za majaribio, na 1934 uzalishaji ukaanza kwa kweli. Juu ya kila kamera zilichongwa herufi tatu: FED. Felix Edmundovich Dzerzhinsky. Yaani kifaa cha kutazamia watu kikapewa jina la mkuu wa watazamaji wa watu. Ukiandika hivyo kwenye riwaya mhariri atakwambia umezidisha.

Lakini si hilo lililoniondolea usingizi.

Angalia tena tarehe. Kharkov wakati huo ndio uliokuwa mji mkuu wa Ukraine ya Kisovieti. Mwaka 1932 na 1933 ndio wa Holodomor, njaa iliyoua mamilioni ya Waukraine wakati serikali inakusanya nafaka zao kwa nguvu. Wakulima walijikokota mpaka Kharkov kutafuta mkate, wakaanguka kwenye vijia vya miguu. Serikali ilisema hakuna njaa. Na mjini humo alikuwapo mhandisi wa kemia kutoka Austria, Alexander Wienerberger, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani. Alikuwa na Leica. Akazipiga picha zile kwa siri: foleni, mashamba ya kaburi yasiyo na majina, maiti kando ya ukuta na wapita njia wanaokanyaga mbele yao, wengine hawageuki. Filamu zikatolewa nje ya nchi ndani ya mfuko wa barua za kibalozi. Leo ni sehemu kubwa ya ushahidi wa picha tulionao kuhusu njaa ya Kharkov.

Kwa hiyo mjini humohumo, miezi ileile, Leica ya kweli ilikuwa inapiga kwa kujificha kile ambacho dola ilikikataa, na watoto waliookotwa kwenye njaa iliyopita walikuwa wanajifunza kuinakili Leica hiyohiyo kwa jina la mwenye polisi. Makarenko aliipenda komuni ile na watoto wake, sina shaka. Katika kurasa za mwisho za kitabu chake anazitaja kamera hizo kwa fahari. Njaa ya barabarani haimo, na isingeweza kuwamo. Nimekuwa nikijiuliza watoto wale walipotoka getini siku ya mapumziko waliona nini, na kama kuna aliyefikiria kuchukua moja ya FED zile akaenda nayo mtaani. Nilimuuliza mjomba. Akasema, "Mjomba, we unauliza kama mtu aliyekulia kwenye simu za mkononi."

Oktoba 1941 Wajerumani waliiteka Kharkov, na kiwanda kilikuwa kimeshahamishiwa Siberia, mji wa Berdsk. Vita ilipoisha michoro ya FED ikagawiwa kwa kiwanda cha Krasnogorsk, karibu na Moscow, ambacho kuanzia 1948 kikatoa nakala yake kwa jina la Zorki, maana yake mwenye macho makali. Kharkov nao wakaendelea na za kwao. Na mitambo ya Contax? Hiyo Wasovieti waliibeba kutoka Ujerumani kama fidia ya vita, ikafungwa kwenye kiwanda cha Arsenal mjini Kiev, ikazaa kamera zinazoitwa Kiev. Kiev za mwanzo zina vipande vilivyotengenezwa na Wajerumani wenyewe.

Ulimi, basi, ndio ulioachana na kigurudumu. Waliponakili walirahisisha: badala ya kigurudumu kinachoviringika, kipande kimoja cha chuma kinachosugua. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika 1991 na soko la Magharibi likafunguka, mafundi wakagundua kwamba FED au Zorki ya bei ya chakula inaweza kufutwa jina, ikapakwa dhahabu, ikachongwa Leica, na ikauzwa kwa bei ya Leica. Za rubani, za jeshi la majini, za Olimpiki ya Berlin ya 1936. Lenzi ya Industar-22 nayo inaandikwa Elmar. Soko la wakusanyaji vitu vya Wanazi ndilo lililozilisha hizi takataka, tuseme ukweli. Wakati ule wa Wanazi, Ernst Leitz wa pili aliwapeleka wafanyakazi wake Wayahudi ng'ambo, na bintiye Elsie alifungwa na Gestapo kwa kujaribu kuwavusha wanawake wa Kiyahudi waende Uswisi. Halafu mtu anakuja kuchonga tai juu ya kamera ya watoto yatima wa Ukraine ili apate dola mia zaidi.

Haya. Ukiwa na wewe umeshapata homa hii, nikuambie nilichojifunza kwa kugharamika, ili laki na nusu yangu isiende bure.

Usianze na jina, anza na pazia. Shata ya Leica na watoto wake ni kitambaa chenye mpira kinachokimbia mbele ya filamu. Kamera ya kioo ndani hujikinga na jua kwa kile kioo chake. Renjifainda haina ngao. Ukiiacha mezani inatazama jua la saa saba la Dar es Salaam, fokasi ikiwa mbali na tundu la mwanga wazi, lenzi inageuka kioo cha kuchomea karatasi na kitambaa kinapata tundu. Kwa hiyo fungua lenzi, elekeza kamera kwenye taa, tazama kwa nyuma. Ukiona nyota, acha, au shusha bei mpaka iingie na gharama ya kubadilisha pazia. Kisha weka sekunde moja, fyatua, hesabu. Spidi za polepole ndizo zinazokufa kwanza. Ikikwama katikati, mafuta yamekauka.

Halafu kipima umbali. Tazama kitu cha mbali kabisa, mnara wa simu unafaa sana, lenzi ikiwa imezungushwa mpaka mwisho. Mizimu miwili lazima iwe mtu mmoja. Kisha chukua futi kamba, pima mita moja, rudia. Ikiwa doa limefifia mpaka hulioni, vioo vya ndani vimechoka, na hilo si tatizo la kufutia shati. Mtu asikudanganye kwamba unaweza kukisia tu. Unaweza, lakini basi ungenunua kamera ya laki moja.

Kwa zile za Kisovieti kuna sheria ambayo mjomba anaitamka kama amri ya jeshini: vuta filamu kwanza, ndipo ubadilishe spidi. Zorki-4 na FED-3 zikigeuzwa kisahani cha spidi kabla ya kuvutwa, zinaweza kuvunjika ndani. Muuzaji akianza kuzungushazungusha kisahani hovyo mbele yako ili akuonyeshe kinavyolainika, ujue hajui anachokiuza. Za zamani zaidi, FED ya kwanza na Zorki ya kwanza, kama Leica za wakati wake, filamu huingizwa kwa chini, na lazima uikate ulimi mrefu kwa mkasi kabla ya kuiingiza. Inakera. Ila ukishazoea utajiona fundi.

Lenzi ndizo zinazoua watu wa pwani. Washa tochi ya simu, pitisha mwanga kwa nyuma, tazama kwa mshazari. Ukiona utando kama wa buibui, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, itakula mipako ya kioo kama mchwa. Vumbi mbili tatu hazina neno. Mikwaruzo midogo ya kufutiwa shati hupunguza makali ukipiga unatazama jua, ila inavumilika. Kuvu haivumiliki. Pete ya fokasi ikiwa nzito kama bomba la kisima, ni grisi ya zamani iliyogeuka gundi: fundi anaweza. Mimi nazihifadhi zangu kwenye kopo la biskuti lililojaa vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wauza viatu wa mtaani kwangu wananiwekea, wanadhani nafanyia dawa.

Anza na milimita 50, usihangaike. Madirisha ya kamera hizi yaliwekewa hesabu ya lenzi hiyo. Ya 35 kwenye kamera nyingi za zamani itakudai kidirisha cha ziada cha kupachika juu, na ya 135 inapima umbali kwa kubahatisha maana pembetatu yake ni fupi mno. Katika za bei ya kawaida, Jupiter-8 ndiyo niipendayo. Ni mchoro wa Sonnar wa Ludwig Bertele wa Zeiss, ulioletwa kutoka Ujerumani kwa njia ileile iliyoleta Contax, na uso wa mtu ukiupiga kwa f/2 unatoka kama umeamka sasa hivi. Jupiter-12 ya 35 nayo ni nzuri, ila kioo chake cha nyuma kimetokeza kama jicho la chura: ukiilaza vibaya mezani umeikwaruza, na kuna kamera haiingii kabisa. Kumbuka pia kwamba lenzi za Kisovieti za kufungwa kwa kuzungusha zilipimwa kwa hesabu ya ukoo wa Contax, kwa hiyo juu ya Leica ya kweli zinaweza kukosea fokasi kidogo ukiwa karibu na tundu limefunguliwa lote.

Uzi ule wa kuzungushia, wa milimita 39, ndio uliowaunganisha maadui wote. Mwaka 1950 mpiga picha wa jarida la Life, David Douglas Duncan, alikuwa Tokyo alipoonyeshwa lenzi za Nikkor. Akaziona kali kuliko za Ujerumani alizokuwa nazo. Vita ya Korea ilipolipuka Juni akaenda nazo zikiwa juu ya Leica zake, na wahariri wa New York wakaanza kuulizia. Jina la Nikon lilitembea hivyo, juu ya mwili wa mtu mwingine.

Za Kijapani zenyewe, zile za miaka ya sitini na sabini zenye lenzi isiyotoka, ndizo ninazomshauri mtu anayetaka kupiga picha na si kupiga stori. Canonet QL17 ni tamu na kipima umbali chake hakisumbui. Yashica Electro 35 ya 1966 ina lenzi nzuri sana, ila ni mtumwa wa betri: bila betri inapiga spidi moja tu, 1/500. Na betri zake za asili zilikuwa za zebaki, hazitengenezwi tena, itabidi ununue kiunganishi. Ukivuta filamu sikiliza "klak" kwa ndani. Isipolia, kuna kipande cha mpira kilichooza humo na kipimo cha mwanga hakitasema kweli.

Na Leica ya kweli? M3 ya 1954 naamini ndiyo dirisha bora lililowahi kutengenezwa, unachungulia kwa macho yote mawili wazi kama hakuna kamera. Nilishawahi kuishika, ya mtu. Nzima yake inakaribia bei ya bodaboda mpya, na mtaani kwangu bodaboda inalisha familia. Nikaishia hapo.

Nilipomaliza kumsimulia mjomba habari za ulimi, aliingia chumbani akatoka na mkoba wa ngozi uliopasuka mishono. Ndani mlikuwa na FED-3 aliyoinunua mwanafunzi mwenzake pale Kharkov, wakaitumia wawili, na siku ya kuondoka mwenzake akamwambia aende nayo, kwao angepata nyingine. Ilikuwa na lenzi ya Industar-61, grisi imeganda, kuvu kidogo ukingoni. Pazia zima, halina hata nyota moja.

"Hii si ya watoto wa Makarenko," akasema. "Ni ya kiwanda tu. Watoto wale walishazeeka."

Kiwanda cha FED kipo mpaka sasa, kwa jina lilelile, ila kamera kiliziacha miaka ya tisini na kinatengeneza vipuri vya ndege. Kharkiv imekuwa ikipigwa na makombora ya Urusi tangu Februari 2022. Mjomba na mwenzake walikuwa wakitumiana salamu za mwaka mpya, kila mmoja kwa Kirusi kinachozidi kuchakaa. Salamu ya mwisho ilikuwa ya Januari ya mwaka huohuo. Baada ya hapo ujumbe wa mjomba una alama moja ya kijivu, haujapata ya pili. Anaifungua simu akaniionyesha, akaifunga.

Fundi alisafisha lenzi kwa elfu themanini. Filamu nililetewa na mtu aliyesafiri. Mjomba ananitaka nimpige akiwa amesimama na kamera ileile, kitu ambacho hakiwezekani na nimeshamweleza mara mbili, kwa hiyo tumekubaliana nimpige akiwa ameshika mkoba. Anataka picha ya karatasi, siyo ya simu. Anwani ya bweni na ya nyumbani kwa mwenzake ameziandika kwa herufi za Kirusi nyuma ya daftari, atazipeleka posta zote mbili.

Kihesabio kinasoma 31. Zimebaki tano, na anasubiri mvua iishe.